Mama Recyclage Aomba Kupimwa

Mtaa mzima wa Hewa Bora unamwita Mama Recyclage. Jina lake la ubatizo wanalo watoto wake na padri, na hata hao sijawahi kuwasikia wakilitumia. Recyclage, kwa wasioishi na Kifaransa cha Lubumbashi mdomoni, ni yale mafunzo ya kurudia ambayo mtu aliyekwisha kuijua kazi yake anarudishwa darasani aonyeshe kama bado anaijua. Walimu wanayapata, wauguzi wanayapata, madereva wa migodi wanayapata, na wengi wetu tunayapenda kwa sababu ya soda na mkate wa katikati ya asubuhi. Kwake yeye soda haikuwapo. Kulikuwa na magoti yako chini, mikono yako juu ya kifua cha sanamu, na sauti yake nyuma ya kisogo chako.

Wanafunzi wake ni sisi tunaofika kwanza pale mtu alipoanguka: wauguzi wa ambulansi kama mimi, motard wanaobeba abiria kwa pikipiki, walinzi wa maghala, akina mama wa soko. Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi wa dharura mpaka alipostaafu, na wenzake walipokwenda kupumzika yeye akaomba ukumbi wa parokia kila Jumamosi asubuhi. Sheria yake ilikuwa moja. Kila mwaka kila mtu anapimwa upya. Ukipita, unaendelea kuvaa kizibao chako cha rangi ya machungwa, gilet kwa Kifaransa chetu. Ukianguka, unakivua mbele ya wenzako na kukaa na wageni mpaka upite. Nimeona watu wazima wenye ndevu wakivua vizibao vyao na kutazama dirishani ili wasionekane macho.

Yeye ndiye aliyetupima sote miaka yote hiyo. Yeye hakupimwa na mtu, wala hakuna aliyewaza kuuliza. Kisha Jumamosi moja ya mwaka jana, tukiwa tunakunja mikeka, akaninyooshea kidole mbele ya wote.

"Mwaka inayokuya, weye njo utanipima," akasema. "Kama mikono yangu inakatala, unanivula gilet. Usiangalie mvi."

Nikaitikia, kwa sababu sijamwona bado mtu anayemkatalia. Lakini moyo wangu haukutulia tangu siku ile. Nilikuwa nimekwisha kuiona mikono hiyo ikihangaika na kifuniko cha chupa ya maji, ikakiacha, ikampa mtu mwingine afungue. Nilijua mwaka utazunguka tu, na nilijua nitakachokiona. Nisichokijua ni kama nitakuwa na ubavu wa kukisema.

Ni mfupi. Akisimama karibu na ambulansi yetu, kichwa chake kinafika kwenye mshikio wa mlango. Anafunga kikwembe, kitenge cha kwetu, juu ya kikwembe hata katika joto la mwezi wa kumi, na kile cha juu hakikai mwilini: mara ni kitanzi cha kutundikia mkono uliovunjika, mara ni mto wa kichwa, mara ni bandeji ya kiunoni. Alitufundisha kwamba vifaa vya maduka ya dawa ni vizuri, lakini kifaa kilicho karibu ni kile mwanamke wa hapa Lubumbashi amekifunga kiunoni. Mume wangu alilalamika kwamba vikwembe vyangu vyote vina alama za mafundo. Nilimwambia ashukuru kwamba sijaanza na mashati yake.

Salamu zake zilikuwa ndefu na za hatari. Anakuuliza habari za watoto, habari za mama yako mgonjwa, habari za paa linalovuja, na katika pumzi hiyo hiyo anauliza mtu anayetoka damu puani kichwa unakiinamisha wapi. Ukijibu "nyuma," salamu imekwisha na somo limeanza. Aliniuliza hivyo kwenye harusi ya binamu yangu, nikiwa na sahani mkononi. Aliniuliza kwenye kilio cha jirani, tukiwa kwenye mstari wa chakula, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa sauti ya chini ya heshima, lakini aliniuliza. Watu walijifunza kutokaa karibu naye kwenye sherehe. Wakisikia kicheko upande mmoja wa hema na ukimya upande mwingine, walijua amekaa wapi.

Majina ya watu hakuyashika. Alishika makosa. Kosa lako la siku ya kwanza ndilo lililokuwa jina lako, na hakulibadilisha hata ungefanya vizuri namna gani baadaye. Kulikuwa na motard mmoja mnene, mwenye sauti ya upole kama ya mtu anayeomba msamaha, ambaye siku yake ya kwanza alikishika kichwa cha mgonjwa wa mazoezi na kukigeuza kama anafungua bomba. Akaitwa Shingo. Sasa hata mke wake anamwita Shingo, na ukimtafuta kwa jina jingine kwenye kituo cha pikipiki hawatakuonyesha mtu.

Mimi ni Mbio. Nilifika kwake nikiwa na cheo changu cha hospitali na viatu vyangu vyeupe. Akamlaza mtu chini, akanipa ishara, nami nikakimbia, nikapiga magoti, nikaanza kazi safi kabisa. Sikuuona waya wa umeme aliokuwa ameulaza chini ya mkono wa yule mtu, ukitokea nyuma ya kabati. Aliniacha nimalize. Kisha akawageukia wengine, hakunigeukia mimi.

"Sasa tuko na bafu babili," akasema, yaani wafu wawili. "Huyu alikufa na courant. Huyu mwingine alikufa na mbio."

Nilikasirika, sitaficha. Mwaka uliofuata, siku yangu ya kupimwa ilipofika, nilimwambia sioni sababu, kwa kuwa mimi nawaona majeruhi kila siku ya Mungu na sihitaji sanamu ya kunikumbusha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikunja kikwembe chake. Akanijibu kwamba mtu anayefanya kazi kila siku anafanya pia kosa lake kila siku, na kwamba kosa linalofanywa kila siku linakuwa zuri machoni pa mwenyewe. Nikapiga magoti kwa hasira ili nimwonyeshe. Akanionyesha yeye: kwa kuwa kwenye ambulansi kuna mwenzangu anayeshika kichwa cha mgonjwa, mikono yangu ilikuwa imeacha kabisa kukitafuta kichwa. Kilikuwa kinaning'inia tu. Nilivua kizibao siku ile, nikakaa na wageni wiki tatu, na nilimchukia kwa wiki mbili za kwanza.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana, na hakujali kuyapatanisha. Mwanamke huyu aliyekwisha kutia vidole vyake ndani ya majeraha ambayo sitayaeleza hapa, hawezi kuona kuku akichinjwa. Sikukuu ikifika anahamia kwa jirani mpaka kuku awe chunguni. Amewafundisha motard wengi kuliko mtu yeyote wa komuni yetu ya Kampemba, na hajawahi kupanda pikipiki hata siku moja. Shingo alimwomba mara nyingi amrudishe nyumbani. Alimjibu kwamba yeye anawafundisha kwa sababu anawaogopa, na asimharibie sababu yake. Kisha akaenda zake kwa miguu, na Shingo akamfuata nyuma polepole na pikipiki yake mpaka kwenye kona ya nyumba, kama msindikizaji wa gavana.

Ni mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini alikuwa na vita vyake na maombi. Kikundi cha akina mama wa sala kilikuja kujifunza, na mmoja wao, mama mwenye imani kubwa na mkono mkubwa, akaweka kiganja juu ya uso wa mgonjwa wa mazoezi na kuanza kuomba kwa nguvu, pua na mdomo vya yule maskini vikiwa chini ya kiganja. Tulitazama chini ili tusicheke. Mama Recyclage akamshika yule mama begani kwa upole.

"Mama, Mungu anasikiaka ata kama uko pale kwa mulango," akamwambia. "Toka kwa pumuzi yake."

Yule mama akasogea mlangoni, akaomba pale kwa sauti ile ile, sisi tukafanya kazi, na maombi yalipokwisha Mama Recyclage aliitika Amina kwa nguvu kuliko wote.

Sifa hakutoa. Ukifanya kazi bila kosa alisema "njo vile," yaani ndivyo, na kupita kwenda kwa mwingine. Kuna watu waliovaa kizibao miaka mingi na wanaweza kukuhesabia "njo vile" zao.

Nimekuwa nikimtania mpaka hapa, na yeye anastahili kutaniwa kidogo. Lakini kuna jambo moja ambalo silisemi kwa mchezo, nalo ndilo lililomfanya awe mwalimu niliye naye kichwani leo.

Ilikuwa msimu wa mvua. Fundi wa kuchomelea vyuma, barabara ya nyuma ya soko, alishikwa na umeme akaangukia ndani ya mtaro. Wa kwanza kufika walikuwa wawili kati ya wanafunzi wake bora, mlinzi wa ghala na rafiki yake fundi wa matairi. Walifanya kila kitu kwa utaratibu. Walizima umeme kwanza. Walimtoa kwenye maji. Walitazama kifua, walisikiliza pumzi, wakaona hana. Pale pale, kando ya mtaro, ndipo mikono yao ilipotakiwa kuanza. Badala yake walimwinua, mmoja mabega na mwingine miguu, wakapita naye mbele ya maduka, wakapita mbele ya baa, wakapanda naye kwenye veranda ya duka la dawa ambayo ina vigae, wakamlaza amenyooka, wakapiga magoti kila mtu mahali pake, wakaanza.

Nilikuwa kwenye ambulansi iliyoitwa. Niliwakuta wakibonyeza kifua vizuri sana, wakihesabu kwa sauti, jasho likiwatoka, na sikuwa na la kuwasahihisha. Lakini fundi alikuwa amekwisha kwenda, na sidhani kama alikwenda kabla ya ile safari ya veranda. Familia iliwashukuru wale vijana. Watu wa barabara waliwapa mikono. Wao wenyewe hawakujua kama kuna kosa, mpaka Jumamosi Mama Recyclage alipowaomba wasimulie hatua kwa hatua, nao wakafika kwenye ile safari, akawasimamisha na kuwauliza walimbeba kwa nini.

Mlinzi wa ghala alishangaa kuulizwa. "Mama, kule kulikuwa paka matope," akasema, yaani matope tu. "Hakukuwa pavement."

Hakuna aliyewafundisha kutafuta sakafu. Lakini kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, walipiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia, kavu na laini, mbele ya mtu aliyelala kwa adabu akiwangoja. Walijua kuokoa mtu aliyelala kwenye sakafu. Kwa hiyo walimtafutia sakafu.

Mama Recyclage alikaa. Sikuwahi kumwona akikaa wakati wa mafunzo. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu haifiki chini. Yule fundi wa matairi alikuwa ameanza kulia, maana ameelewa.

"Usilie, mutoto yangu," akamwambia. "Hii kosa haiko yenu. Iko yangu. Miye njo nilibawekea pavement."

Wengine wangeishia hapo, na ingetosha. Yeye alitaka kwenda kwa mjane wa fundi kumwambia. Nilimwomba asiende, nikamwambia familia imeshukuru, ya nini kuwapa kidonda kipya. Akasema kama ningekuwa mimi mjane ningetaka nijue. Nikaenda naye, kwa sababu sikutaka aende peke yake. Alimweleza yule mwanamke mambo yote, polepole, bila kujitetea, akiwa amepiga magoti kama tunavyopiga magoti kwa mgonjwa. Mjane alikuwa kijana bado, mtoto mgongoni. Alimbembeleza mtoto mpaka maelezo yakaisha. Nilikuwa tayari kwa matusi na ningeyapokea.

"Basi mufundishe mu matope," akasema mwishowe.

Ndivyo tulivyotoka ukumbini, na hatujarudi tena. Jumamosi iliyofuata tulikuwa kando ya mtaro ule ule, na kila mtu aliyefika na suruali safi aliondoka na suruali nyingine. Alitupigisha magoti kwenye mvua. Alimlaza Shingo, na unene wake wote, kati ya viti vya basi dogo lililoharibika, akatuambia tumtoe bila kumkunja. Alituweka kwenye ngazi nyembamba, kwenye choo cha nje ambacho mlango wake unafungukia ndani, kwenye rundo la makaa. Padri alipita, akatuona, akajiuliza kama aliukopesha ukumbi wake kwa watu wenye akili timamu. Watoto walitufuata kama sinema. Mimi nililalamika kila Jumamosi na nilikuja kila Jumamosi.

Aliyetuchukia zaidi ni mama mmoja anayeuza samaki wakavu wa kutoka Pweto. Meza yake ipo kwenye njia nyembamba ambayo Mama Recyclage aliipenda kuliko zote, kwa sababu ya ubaya wake. Kila wiki tulikuwa tunaangusha mtu mbele ya samaki zake. Alisema tunamletea mkosi, wateja watafikiri ni samaki ndio waliowaangusha. Hakujiandikisha, hakupiga magoti hata mara moja. Alikaa nyuma ya meza yake, akitufukuzia nzi na kutoa maoni kuhusu umbo la kila mtu anayeinama.

Kisha siku moja mkokoteni wenye mabati ulipinduka kwenye njia hiyo, na bati moja likamkata mwanamume mguuni, juu ya goti, damu ikaruka. Wenye vizibao hawakuwapo, ilikuwa siku ya kazi. Ambulansi yetu ilichelewa kwenye msongamano wa malori. Nilipofika nilimkuta mama wa samaki amekaa chini kati ya mabati na samaki waliotawanyika, kikwembe chake chote kimekunjwa juu ya kidonda, mikono yake miwili juu ya kikwembe, uzito wake wote juu ya mikono. Watu walikuwa wamemwambia aachie wamtie majeruhi kwenye teksi. Hakuachia. Walimwambia atazame kama damu imekoma. Hakutazama. Nilipotaka kuchukua nafasi yake aliniuliza kwanza kama nimejiandaa, ndipo akaniruhusu. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, hakuweza kuikunjua.

"Nilikamata paka vile anabasemeaka kila Jumamosi," akaniambia. "Anapiga kelele sana, yule mama. Ata kama hautaki, inaingia."

Yule mwanamume anatembea leo, anachechemea kidogo. Nilimpelekea Mama Recyclage habari nikiwa bado na damu kwenye viatu. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliinuka, akaniambia ana kazi sokoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya samaki, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema: "Njo vile." Mama wa samaki akamjibu kwamba kama ni hivyo, anunue samaki.

Sasa nirudi kwenye mikono.

Maumivu ya viungo yalimwanzia kwenye vifundo vya mikono, akayatania, kisha akaacha kuyatania. Vifungo vya libaya, blauzi yake, alifungiwa na mjukuu. Mwaka ulipokaribia kwisha alianza kuonyesha vitu kwa maneno badala ya kuvifanya, na alipofanya alifanya haraka na kusimama. Sote tuliona. Hakuna aliyesema, maana ni nani angesema? Bila yeye Jumamosi ni siku ya kufua nguo tu. Shingo alinijia kituoni, akanunua chai, akazungukazunguka na habari za bei ya mafuta, mwisho akafika.

"Mbio, mama ni muzee," akasema. "Umupitishe tu. Nani atayua?"

Nilimwambia nitaona. Kusema kweli nilitaka kumpitisha. Nilikuwa nimekwisha kulipanga: nitampa kazi fupi, nitatazama pembeni kidogo, nitasema neno lake la sifa, tutapiga makofi, atavaa kizibao chake mpaka Mungu amwite. Nilikuwa na mapenzi ya kutosha kufanya hivyo. Nililala nalo wiki nzima.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, vumbi jekundu hewani, kwenye njia ya meza ya samaki. Watu walijaa, wenye vizibao na wasio navyo. Nilimlaza Monsieur, sanamu yetu, kwenye mchanga kati ya mawe mawili. Monsieur tulimshona wenyewe, gunia na pamba, na kifuani ana springi ya kiti cha gari. Ukibonyeza vya kutosha inalia. Ukibonyeza kidogo haitoi hata sauti.

Nikampa ishara. Alitazama kulia na kushoto kabla ya kusogea. Aliita, akagusa bega, akasikiliza pumzi, akamnyooshea mtu mmoja kidole na kumwambia apige simu, yeye na si mwingine. Alipiga magoti kwenye mawe bila kuyatafuta mawe. Hakuna kati yetu anayefanya vizuri hivyo. Nikaanza kutumaini, na nikajiona mjinga kwa kuogopa.

Kisha akaweka mikono kifuani akaanza. Viwiko vilikunjika. Kila alipobonyeza vilikunjika, vikikimbia maumivu ya vifundo, na nguvu ikaishia hewani. Alihesabu kwa sauti yake ile ile. Springi haikulia. Akaendelea kuhesabu, na hata mama wa samaki aliacha kufukuza nzi. Niliwaona wote wakinitazama. Shingo alitikisa kichwa kidogo, akiniomba.

Nilitazama kile kifua cha gunia ambacho hakishuki. Nikaona kwamba nikisema kimeshuka, Jumamosi ijayo mtu mwingine atakuja na kifua chake kisichoshuka, na mimi sitakuwa na neno.

"Mama," nikasema, "haukupita."

Hakuinuka. "Juu ya nini?"

"Viwiko vinakunja. Kifua haishuke. Huyu muntu hatapona."

Akainuka kwa kushika bega langu. Alivua kizibao, akajaribu kukikunja, vidole vikakataa, akanipa kikiwa hivyo hivyo. Nilikuwa nalia mbele ya watu wote na sikuona haya. Yeye alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Hii mwaka yote nilikuwa naogopa," akasema. "Haiko kuanguka. Nilikuwa naogopa utanihurumia. Kama ungenipitisha, ningeenda ku nyumba nikiyua nilifundisha bure."

Kisha akaniuliza wageni wanaanza lini, na kama wanaruhusu wazee.

Jumamosi iliyofuata mimi ndiye niliyesimama mbele. Alikuja na kikwembe juu ya kikwembe, bila kizibao, akasimama mwisho wa mstari wa wageni. Kati yao kulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi aliyehamia mtaa wetu juzi juzi, asiyemjua. Alimwona mama mzee anahangaika na mikono, akamwonea huruma, akapiga magoti kando yake na kumwonyesha kiganja kinakaa wapi na vidole vinafungana vipi. Nilifungua mdomo nimzuie. Mama Recyclage alinitupia jicho moja, nikaufunga. Alimsikiliza yule msichana mpaka mwisho, akamwambia asante, akaweka mikono alipoonyeshwa.

Nikaenda nikasimama nyuma yake.

"Nyoosha viwiko, Mama," nikasema. "Usibonyeze na mikono. Lalia na mwili."

Akavinyoosha. Ilimuuma, niliona shingo yake ikikaza. Akaleta mabega mbele, juu ya mikono, akaangusha uzito wake mdogo wote chini. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Mara ya tatu springi ililia, kidogo, kama mtu anayeguna usingizini. Akainua uso kunitazama.

Nikamwambia asinitazame mimi, aendelee kubonyeza.